Aliyetutembeza Kwetu

Ukitaka kwenda naye sokoni Lubao, huku kwetu Kakamega, ilibidi utoke mapema, hata kama ulikuwa unafuata kitunguu kimoja tu. Jirani yetu huyu hakujua kupita nyumba bila kusimama kuitazama. Alisimama mbele ya duka la mbolea akatazama juu, akatazama chini, akakuvuta mkono wa blauzi.

"Hebu tazama nguzo ile, Mama Nafula. Umeona ilivyochongwa pale kichwani? Aliyefanya vile hakutumwa na mtu. Alipenda tu."

Nilikuwa nikipita pale tangu niolewe. Kuhusu nguzo ile nilijua jambo moja, kwamba watu hufunga mbuzi hapo siku ya soko.

Kabla ya kuja kwetu alikuwa akitembeza wageni Mombasa. Eneo lake lilikuwa Mji wa Kale. Aliwapitisha watu katika vichochoro, akawaonyesha milango ya nakshi na roshani za mbao, akawaeleza kwa nini kuta za mawe ya matumbawe zilijengwa nene na njia zikaachwa nyembamba, mpaka kivuli kikapata pa kukaa mchana kutwa. Jioni aliwavusha daraja hadi pwani ya Nyali wakaogelee. Mume wake alikuwa mtu wa bandarini, wa huku kwetu. Alipostaafu alirudi nyumbani, na mkewe akaja naye na sanduku moja na kofia pana ya ukili ambayo kuku wa mama mkwe waliikimbia kwa wiki nzima.

Sisi hatukuwa na neno la kazi kama hiyo. Mtu mmoja alisikia kwa Kiingereza kwamba alikuwa "tour guide", akatuletea "tua gaidi", basi jina likawa Mama Gaidi. Lilikwenda vizuri mpaka siku naibu wa chifu alipokuwa akinywa chai kibandani na watoto wakapita mbio wakipiga kelele, "Mama Gaidi anakuja! Mama Gaidi anakuja!" Mzee wa watu aliruka, chai yote ikamwagikia suruali. Alasiri hiyo jirani yetu alituketisha barazani kwangu, mimi na akina mama wengine, akatufunza kusema mwongozaji. Tulishika upesi, likawa ndilo jina lake. Mama mkwe wake peke yake ndiye aliyesema "mwongosachi", na aliendelea kusema hivyo mpaka alipokufa, wala hakuna aliyethubutu kumsahihisha.

Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani yangu ilikaa miaka mingi kwenye veranda ya duka moja kando ya barabara, na yeye alizoea kuja kuketi karibu yangu akinisaidia kushona vifungo. Hivyo ndivyo nilivyomjua, kidogo kidogo, kati ya mteja na mteja.

Kiswahili chake kilitufunga midomo mwanzoni. Mtu akisema "nyumba yangu iko mzuri" alisimamisha sindano. "Ni nzuri, mwanangu. Nyumba ni nzuri." Hakusema kwa ubaya, lakini watu walianza kupiga hesabu ya maneno yao kabla ya kumsalimu. Mama mkwe ndiye aliyemkomesha. "Na wewe," alimwambia, "utasema lini obusuma, huu ugali wetu, bila kuuma ulimi?" Alicheka, akaacha kutusahihisha. Miaka ikapita. Siku moja nilimsikia akimkatalia mchuuzi wa vitambaa: "Hiki mimi sinunuangi, baba. Kinachujanga mapema." Nilisimamisha mashine. Nilimtazama. Yeye mwenyewe hakuwa amesikia kwamba sasa anasema kama sisi, na mimi sikumwambia.

Jikoni alikuwa na ushindi wake na aibu zake. Mahamri yake yalikuwa yakiisha kabla hayajapoa; watoto waliotumwa chumvi kwake walirudi na mashavu yamevimba. Lakini ugali ulimshinda. Aliusonga kwa nguvu zote, akatoka jasho, na bado ulikuwa na madonge. Kuna Krismasi alipata nazi kutoka mjini akapika mrenda wa nazi. Habari hiyo ilifika hadi Bukura. Baba mkwe alikula sahani mbili kimya kimya, akapangusa mdomo, kisha akatoka nje kuwaambia wanaume kwamba mke wa mwanawe ameharibu mboga ya wazee. Sahani ya tatu aliila wanaume walipokwisha kuondoka.

Alipenda majengo ya watu kuliko lake. Nyumba yake ilikuwa ya mabati kama zetu, mifereji imejaa majani, jiko limeinama upande kama linasikiliza siri. Mumewe alimlalamikia. "Wewe unajua nyumba za wafu wa Mombasa zote, na hii ya mume wako aliye hai hujui inavuja wapi." Hilo halikumsumbua. Alikuwa pia mtu wa kuchelewa, kanisani na mazishini pia, na alikuwa na kiburi cha sauti. Aliwahi kugombana na kiongozi wa kwaya juu ya wimbo mmoja, akakaa benchi la nyuma kwa miezi, akiimba kwa nguvu kuliko kwaya yote.

Lakini macho yake! Ni yeye aliyetufanya tuone kuta za mama mmoja mjane aliyekuwa akikandika nyumba yake kwa udongo wa rangi tatu, mwekundu chini, mweupe juu, na katikati mistari ya kijivu aliyoivuta kwa vidole. Kwetu ilikuwa nyumba ya maskini. Mwongozaji alisimama mbele yake asubuhi nzima. Baadaye kila alipopata mgeni, awe mchungaji kutoka Lumakanda au mwanafunzi wa chuo cha kilimo, alimpeleka pale. Alibisha hodi, akamwomba mjane atoke aeleze mwenyewe jinsi anavyochanganya udongo. Mjane alianza kwa kunong'ona. Kufikia mwaka uliofuata alikuwa akituhubiria.

Si kila vita alishinda. Duka ambalo veranda yake ilikuwa yangu lilikuwa na mlango wa zamani wa mbao, wa kukunja mara nne, wenye vitasa vya shaba. Mwenye duka alitaka kuweka wa chuma.

"Usiutoe, mzee wangu," Mwongozaji alimsihi. "Mlango kama huu huko kwetu watu wanapanda ndege kuja kuutazama."

"Mama, mlango mzuri hauzuii mwizi."

"Mwizi akiuona ataona haya kuuvunja."

"Wezi wa hapa hawaonangi haya," alisema mwenye duka, na wa chuma ukawekwa. Lakini alimletea ule wa mbao kwa mkokoteni, bure. Mwongozaji aliufunga kwenye banda la kuku. Nina hakika hakuna kuku wengine katika kaunti nzima wanaofungiwa kwa vitasa vya shaba.

Mumewe alipofariki tulidhani ataondoka. Hakuwa na watoto. Wazazi wa mume walikuwa wameshatangulia. Mombasa alikuwa na mpwa wake, Neema, binti wa kaka yake, mwuguzi, ambaye alimpigia simu kila Jumapili na kila Jumapili alimwambia arudi. Mwongozaji alinisimulia simu hizo huku akishona vifungo, lakini hakunieleza alichokuwa akijibu. Mimi nami sikumwuliza, kwa sababu niliogopa jibu.

Ndipo chama chetu cha akina mama wa kanisa kilipoamua kwenda kutembea Mombasa. Mwenyekiti wetu alisimama akasema, "Tuko na mwongozaji wetu wenyewe na bado tunaangalianga bahari kwa kalenda. Si ni aibu?" Wote walipiga makofi. Mwongozaji akasema, "Haya. Nitawapeleka." Nilishona sare, vitenge vya kijani vya kufanana, na nilipokuwa nikimpima kiuno nilifikiri kwamba labda namshonea nguo ya kuondokea.

Tulifika asubuhi, tumechoka kwa safari, miguu imevimba. Mwongozaji alitembea mbele. Hatua zake zilikuwa zimebadilika, zimekuwa za haraka, na alituonyesha Ngome kwa mkono bila hata kugeuka, kama mtu anayeonyesha jiko lake. Pale njia ya kuingilia Mji wa Kale inapoanzia, kijana mmoja aliyevaa beji shingoni alitukingia njia.

"Karibuni, karibuni akina mama wa bara! Mmetoka wapi?"

"Kakamega!" tuliitikia kwa pamoja.

"Basi mnahitaji mtu wa kuwatembeza. Humu ndani mtapotea."

Tuliangua kicheko, tukamtazama Mwongozaji. Yeye alitabasamu kwa upole wa mtu mkubwa. "Mwanangu," alimwambia, "mimi haya nayajuanga."

Kijana alicheka pia, bila ubaya. "Mama yangu, hiyo 'nayajuanga' ndiyo inayonionyesha kwamba huyajui."

Kicheko chetu kilikatika. Mwongozaji akajitazama, kitenge cha kijani kama cha kila mmoja wetu, viatu vya plastiki vya soko la Lubao, vumbi jekundu letu bado liko kwenye pindo. Mwenyekiti alikuwa tayari kumwakia kijana. Mwongozaji alimshika mkono.

"Mwache," alisema. "Ni kweli. Haya mwanangu, tutembeze."

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alitembea nyuma. Kijana alijua kazi. Alitusimamisha penye kivuli, akatueleza juu ya boriti za mikoko zinazobeba dari, na kwa nini vyumba vya zamani ni vyembamba, kwa sababu boriti hazirefuki zaidi ya hapo. Alituketisha kwenye baraza la mawe nje ya nyumba moja, akasema hapa ndipo mgeni alipopokelewa kwa kahawa, asiingie ndani kabla hajajulikana. Nilimtazama Mwongozaji kwa pembe ya jicho. Alikuwa akiitikia kwa kichwa, taratibu, kama mwalimu anayesikiliza somo likisomwa vizuri.

Kisha tukafika penye mlango mmoja mkubwa, mweusi kwa uzee, umejaa maua ya kuchonga. Kijana alishusha sauti.

"Tazameni ua hili la kushoto. Halikumalizika. Fundi aliyechonga mlango huu alimpenda binti wa nyumba hii. Aliacha ua moja makusudi, apate sababu ya kurudi."

Wanawake wote waliguna. Mwenyekiti wetu, ambaye hakulia hata siku ng'ombe wake wawili walipokufa, alitafuta leso. Nilihisi vidole vikinibana mkono.

"Mama Nafula," Mwongozaji aliniambia sikioni, "hadithi hiyo niliitunga mimi."

"Uliitunga?"

"Mvua ilikuwa inanyesha, wageni wamenuna, sina la kuwaambia. Nikaona ua halijaisha."

"Basi mwambie!"

"Nimwambie nini? Anaisimulia vizuri kuliko mimi." Akainua sauti. "Mwanangu, na yule fundi, alirudi?"

Kijana alisita. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumwuliza. Alimtazama huyu mama wa bara mwenye viatu vya plastiki, na uso wake ukalainika.

"Alirudi, mama. Wakaoana."

Mwongozaji alicheka mpaka akaketi chini barazani, machozi yakimtoka, nasi tukacheka kwa kumwona yeye. "Mimi sikuwa nimefika hapo," alikuwa akisema. "Wallahi, sikuwa nimefika hapo."

Alasiri tulikwenda Nyali. Maji yalikuwa yamekupwa, mchanga mweupe umelala wazi hadi mbali, na tuliingia na nguo zetu zote, tukipiga mayowe kila wimbi lilipotugusa magoti. Yeye alibaki nchi kavu na viatu, mikoba yetu yote begani. Tuligundua hapo kwamba katika miaka yake yote ya kuleta watu pwani hakuwahi kuingia majini.

"Hata mara moja?" mwenyekiti alimfokea kutoka baharini.

"Sasa mikoba angeshika nani?"

Tulitoka watatu tukamvua viatu, tukamvuta majini. Alituapiza kwa Kiswahili safi, kile cha zamani ambacho tulikuwa tumekisahau, kisha wimbi likamfika kifundoni akanyamaza. Akainama akalitazama likirudi na mchanga chini ya nyayo zake. "Kumbe inavuta," alisema. Alikataa kutoka mpaka jua lilipopoa.

Usiku huo na uliofuata alilala kwa Neema. Alituambia kwamba mpwa wake ana chumba kimetandikwa tayari, dirisha linatazama mwembe wa jirani. Asubuhi ya kuondoka tuliketi ndani ya basi tukitazama njia. Dereva alipiga honi. Mwenyekiti alimwomba dakika chache, akaomba tena. Mwishowe tulimwona Mwongozaji akija, kachelewa kama kawaida, amebeba kapu la nazi kichwani.

"Nini?" alituuliza alipopanda. "Mlidhani nimewatoroka?"

Mwenyekiti alisogea ili akae dirishani.

Hayo yalikuwa miaka kadhaa iliyopita. Sasa mimi naishi mjini Kakamega na binti yangu, simwoni kila siku, na magoti yake yamekataa kazi. Mwezi uliopita nilikwenda kumtembelea siku ya soko. Nilimkuta Neema ameketi sebuleni, amekuja Lubao kwa mara ya kwanza. Alikuwa amekata tiketi mbili za basi za Ijumaa.

"Shangazi hawezi kuendelea kulala peke yake, Mama Nafula," aliniambia. "Wewe mwenyewe unamwona."

Nilikuwa namwona. Kuinuka kitini kulimtaka apumzike mara mbili. Nilisema kwamba Neema ana haki.

"Nitakwenda," Mwongozaji alisema. "Sijakataa. Lakini mtu haji kwa watu akaondoka bila kutembezwa."

Aliita kijana wa bodaboda wa jirani. Tulimpandisha kwa upande, kijana akazima injini akaisukuma pikipiki polepole, Neema kulia, mimi kushoto. Hivyo ndivyo tulivyopita Lubao. Alimwonyesha Neema nguzo ya duka la mbolea. Alimpeleka kwa mjane wa kuta za udongo, ambaye sasa ana mkongojo lakini bado alitoa hotuba yake yote. Alimweleza jinsi mnada wa ng'ombe unavyojipanga wenyewe, wanaouza upande huu, madalali kule, na wauza mbwa pale mwisho, kila mtu na mpaka wake ambao hakuna aliyeuchora.

Hatukwenda hatua nyingi bila kusimamishwa. Huyu aliuliza magoti, yule alimfunga leso vizuri. Mwenye duka la mlango wa chuma alileta soda. Mwuza viazi aliacha wateja wake akaja mikono imejaa udongo.

"Neema ndio wewe? Tulikuwa tunakutafuta. Sisi akina mama tumepanga zamu ya kulala kwa Mama, kila mtu na siku yake. Mkaza mwana wangu anaanza leo. Lakini huyu hasemangi kitu, tulidhani hajakuambia."

"Hakuniambia," alisema Neema.

Mwongozaji alijifanya anatazama ng'ombe.

Mwisho wa soko, penye uwanja uliokuwa mtupu, tulikuta nyumba mpya inajengwa. Ilikuwa imefika magotini tu. Fundi mmoja alikuwa akipanga matofali, uzi umevutwa kutoka kona hadi kona.

"Na hii ni ya nani?" Neema aliuliza.

"Sijui," alisema Mwongozaji. "Fundi! Hii ni nyumba ya nani?"

"Ya mwalimu mmoja, mama. Tulianza juzi. Bado haina kitu cha kuangalia."

"Ina mstari ulionyooka," alimjibu, na akamwambia kijana wa bodaboda asimame.

Tulisimama. Fundi aliweka tofali, akaligonga kwa mpini wa mwiko, akafuta udongo uliozidi. Akaweka lingine. Mawingu ya mvua ya alasiri yalikuwa yakijikusanya upande wa msitu, na hakuna kati yetu aliyesema twendeni.

Neema alikohoa. "Shangazi, tiketi ile yako..." Akaitoa mkobani. "Naweza kuirudisha. Nikienda peke yangu, nitakuja tena mwezi wa nane."

"Ngoja," alisema Mwongozaji, bila kugeuka. "Wacha kwanza amalize mstari huu."

Fundi alisikia. Akashika tofali lililofuata, akaligeuza mara mbili mkononi kuchagua uso wake mzuri, ndipo akaliweka.